Mtu Hapimwi

Gari lile nililiunda mimi. Nasema mapema ili wanaopenda kunong'ona wapumzishe midomo. Mimi Benedikto, seremala wa Mkuyuni, nilikata mti wa mkongo kwa mikono yangu, nikaukausha kivulini miezi minane, nikauchonga mhimili, ule mti unaopita chini ya gari na kushika magurudumu yote mawili. Haukuwa na ufa, haukuwa na mdudu. Mtu akiniambia mhimili wangu ulikuwa umeoza, namwambia ameoza yeye, na kama ana ndugu waje nao niwaambie.

Mwenye gari alikuwa Mdachi mmoja aliyechimba ulanga huko juu milimani, yale mawe yanayobanduka tabaka kwa tabaka na kumeremeta. Tulimwita Bwana Masharubu. Zamani ulanga wake ulishuka vichwani mwa wapagazi, kila mmoja na frasila zake mbili. Gari la moshi lilipofika Morogoro akaona wapagazi wanamchelewesha, akataka gari la kukokotwa na nyumbu wanne, lipande Kiroka na kuteremka mpaka stesheni. Akaniita mimi kwa sababu nilijifunza useremala misheni, na upande ule wa mlima hapakuwa na mwingine.

Siku niliyomaliza nilichoma ubao wa nyuma kwa chuma cha moto: FRASILA 50 BASI. Herufi moja ilikuwa na ukubwa wa kiganja. Kisha nikamwita Pazi.

Pazi alikuwa msimamizi wa gari. Mtu wa mjini, kofia nyeupe, maneno matamu, anapendwa na kila mtu kuanzia stesheni hadi Mkuyuni, jambo ambalo peke yake lilitosha kunifanya nisimpende. Alifika akicheka.

"Fundi, umeandika nini huku nyuma? Bei?"

"Soma."

"Hamsini. Za ulanga?"

"Za kila kitu kinachokaa juu ya mhimili. Ulanga, mahindi ya nyumbu, maji, kamba, sufuria yenu ya ugali. Na makalio yako."

Wapakiaji wakaangua kicheko. Pazi akajipiga paja.

"Makalio yangu nakwenda nayo mwenyewe, fundi. Mtu hana uzito. Mtu anajibeba. Maiti ndiyo nzito!"

Wakaitikia wote kwamba ndivyo. Sitawaita wajinga, ingawa natamani, kwa sababu na mimi niliamini hivyo tangu utoto. Huku kwetu kila aliyewahi kubeba mgonjwa kwenye machela ataapa kwamba mgonjwa akiwa hai anakusaidia kujibeba, na akikata roho njiani mabega yenu yanajua kabla ya macho. Nilikuja kuacha imani hiyo misheni, siku bruda mmoja aliponisimamisha kwenye mizani ya kahawa na chuma kikapanda juu. Nilikasirika wiki nzima. Lakini chuma hakikunitania, na tangu siku hiyo ninapounda kitu cha kukaliwa na watu huwahesabu watu.

Nikawaeleza hayo. Wakacheka zaidi. Hata Petro alicheka, shemeji yangu, mume wa dada yangu wa pekee Felista. Yeye kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya gari ameshika kamba ya lile gogo linalosugua gurudumu kwenye mteremko ili gari lisiwakimbilie nyumbu. Alijificha uso nisimwone, nikamwona.

"Cheka," nikamwambia. "Siku likikatika wewe ndiye utakayekuwa karibu nalo."

Ndivyo nilivyomwambia, kwa kinywa hiki.

Miezi mitatu gari likaenda na kurudi. Pazi hakuwa mwizi wala mvivu. Kila safari alipima ulanga mbele ya watu, frasila hamsini kamili, hata ratli moja haikuzidi. Halafu wakishavuka kilima cha kwanza, ambapo Bwana Masharubu hawezi kuwaona, anasimamisha nyumbu na kuwapandisha wanawake waliokuwa wakishuka mjini na ndizi zao. Anawapandisha bure. Anawapandisha na mikungu, na watoto, na yeye mwenyewe anakaa mbele kama bwana harusi. Karibu na stesheni wote wanashuka na kuingia mjini kwa miguu. Mikokoteni ya mji mzima haikuwa na msimamizi mwema kama huyo.

Siku moja nilisimama katikati ya njia nikawazuia.

"Pazi, shusha watu!"

"Fundi, shikamoo," akasema, na hali tulikuwa tumezaliwa mwaka mmoja. Alikuwa ananikejeli. "Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Wewe lini umetembea kutoka hapa mpaka Morogoro na mkungu kichwani na mtoto mgongoni?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikatoka njiani, wakapita, na mmoja wao akanirushia ganda la ndizi. Mtu atauliza kwa nini sikwenda kumwambia Bwana Masharubu. Sikwenda kwa sababu mimi si mtu wa kuwapelekea Wadachi maneno. Nilikaa kwenye karakana yangu nikawalaani wote kimyakimya, na nilidhani kwamba huko ni kuwa na heshima.

Masika yalipoanza, mhimili ulikatika. Walikuwa wamevuka kilele cha Kiroka, wanateremka upande wa mjini, udongo umelowa. Gari liligonga jiwe, jiwe dogo tu, na mti wangu ukakatika katikati. Gurudumu la kushoto likaenda zake bondeni. Gari likainama, likawavuta nyumbu wawili wakavunjika miguu, ulanga ukamwagika genge zima likameremeta, na sanduku la gari likamlalia Petro aliyekuwa bado ameshika kamba. Walipolinyanyua alikuwa amekwisha kufa.

Tulimzika Mkuyuni. Baada ya mazishi Felista alinifuata nyuma ya nyumba, mtoto wake mgongoni, kitoto cha kike cha miezi minane. Macho yalikuwa makavu. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na ardhi na jina na ushauri vyote hutoka mkononi mwa kaka wa mama. Kwa hiyo baada ya Petro, waliobaki wale wawili walikuwa wangu, na yeye alijua hivyo, na mimi pia.

"Kaka," akasema, "nilikuwa juu ya gari."

Nikamtazama yule mtoto.

"Petro aliniambia panda, mtoto anakulemea. Tulikuwa wanawake watano. Asia mke wa Pazi alikuwepo, na Paskalia, na wawili wa Kiroka. Tulirushwa upande wa juu, tukaangukia nyasi. Pazi ametuomba tusiseme, Bwana atamtia mnyororo." Akamsogeza mtoto mgongoni. "Niambie kitu kimoja tu. Wewe ndiye fundi. Ule mti ulikatika kwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilikuwa nalo tangu miezi mitatu nyuma, limechomwa kwa moto kwenye ubao. Lakini nilimtazama amesimama pale na kaniki yake ya msiba, nikainamisha kichwa, nikasema, "Mungu ndiye anayejua." Akakubali. Siku nzima ile hilo ndilo jambo jema pekee nililofanya, na halikudumu.

Siku ya nne askari alikuja kunichukua. Bwana Masharubu alikuwa amepeleka shauri boma kwamba fundi alimuuzia mti mbovu, na kwa ubovu huo amepoteza nyumbu wawili, ulanga wa safari nzima, na mtu mmoja. Aliwataja kwa mpangilio huo. Kama ningeshindwa, ni viboko ishirini na tano, wenyewe wanaita hamsa ishirini, kisha miezi sita ya mnyororo shingoni nikivunja mawe ya barabara.

Shauri lilisikilizwa kwenye ghala la ulanga pale stesheni, kwa sababu Bwana wa boma, Mdachi wa serikali, alitaka kuona mizani. Ilikuwa mizani kubwa, chini ina ubao mpana wa kuwekea mizigo, juu ina mkono wa chuma na jiwe la kusogeza, na karani wake. Vipande viwili vya mhimili wangu vilikuwa vimelazwa sakafuni kama ng'ombe aliyechinjwa. Watu walijaa hadi mlangoni. Wanawake walisimama upande mmoja, Felista katikati yao na mtoto mgongoni. Alikuja kusikia mume wake alikufa kwa nini.

Bwana wa boma alimuuliza Pazi, "Ulipakia kiasi gani?"

"Frasila hamsini, Bwana. Nilipima mbele ya watu. Wapo hapa."

"Kiasi cha gari ni kipi?"

"Hamsini, Bwana. Fundi aliandika mwenyewe."

Bwana Masharubu akafungua mikono yake kuonyesha kwamba yamekwisha. Na kweli yalikuwa yamekwisha, maana Pazi hakusema uongo hata kidogo.

"Bwana," nikasema, "hamsini niliyoandika ni ya kila kitu. Juu ya ulanga palikuwa na wanawake watano na mikungu yao, na huyu Pazi amekaa mbele."

"Ni kweli?" akamuuliza Pazi.

Hapo ndipo alipodanganya. "Sote tulitembea, Bwana."

"Na hata kama wangepanda," mzee mmoja wa wapagazi akasema kwa sauti kutoka nyuma, "mtu anaongeza nini? Mtu hai anajibeba." Ghala zima likamuunga mkono. Bwana wa boma akacheka kidogo, akawatazama wanawake.

"Waliopanda gari wajitokeze wapimwe. Hatuwafanyi kitu."

Hakuna aliyetikisika. Nikamtazama Asia, akatazama dari. Nikamwita Paskalia kwa jina.

"Mimi nilitembea," Paskalia akasema. "Na ningekuwa nimepanda, kwenye chuma hicho sikanyagi. Bibi yangu aliona Bagamoyo pembe ya ndovu ikipimwa, na aliyeibeba akauzwa pamoja nayo. Mtu hapimwi."

"Hapimwi!" wakaitikia wanawake wote, na Felista akaitikia nao.

Sikuwahi kuwachukia watu kama nilivyowachukia dakika ile. Nilimchukia Pazi kwa wema wake. Niliwachukia wale wanawake waliopanda kazi yangu wakiimba na sasa wanaangalia dari. Nilimchukia hata Petro aliyecheka. Kila mmoja mle ndani alikuwa tayari nipigwe viboko ili imani yao ya machela isiguswe, na kipande cha mti wangu, mti safi usio na doa, kimelala chini kikiitwa kibovu.

"Huna shahidi," Bwana wa boma akasema.

Askari akanishika mkono. Mwingine akaanza kunivua shati. Hapo nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko sala zangu. Kidonda cha kiboko kinapona. Miezi sita inapita, mtu anarudi kwake na dada yake anampokea na maji ya kuoga. Lakini nilisikia mtu nyuma akisema "mti ulikuwa na mchwa," na kichwa changu kikawaka.

Nikanyoosha kidole.

"Yule pale. Felista, mke wa marehemu. Dada yangu, tumbo moja. Muulizeni yeye alikuwa wapi."

Wanawake wakamfungulia njia kama wanavyomfungulia mwenye ndui. Felista hakunitazama kwanza. Alitazama kile kidole. Kisha akatembea mpaka mbele.

"Nilikuwa juu ya gari," akamwambia Bwana wa boma. "Tulikuwa watano. Pazi alikaa mbele."

Pazi akaketi chini sakafuni, hakungoja kuambiwa.

"Panda upimwe," Bwana wa boma akasema.

Wanawake wakapiga ukelele. Felista akafungua kanga ili amshushe mtoto ampe Asia, na mimi, Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyesema:

"Asimshushe! Mtoto naye alikuwamo. Wapimwe wote wawili."

Akafunga tena kanga. Akakanyaga ubao kwa miguu mitupu, mguu mmoja, kisha wa pili. Chuma kikapanda. Karani akasogeza jiwe la mizani, akasogeza tena.

"Kilo sitini na mbili."

"Frasila nne kasoro kidogo!" nikapaza sauti. "Mnaona? Mnaona nyie? Mtu na mtoto wake!" Nikajichomoa mikononi mwa askari. Sikungoja kuulizwa. Nikawahesabia kwa vidole mbele ya nyuso zao: wanawake watano na kitoto, frasila kumi na saba. Mikungu mitano, sita. Pazi na tumbo lake, tano. Mahindi na maji ya nyumbu, nne. Ongezeni hamsini za ulanga. "Themanini na mbili! Mti wa hamsini mliubebesha themanini na mbili, tena mkiimba! Nani mwenye mchwa sasa?"

Nilikuwa na furaha. Siwezi kuficha. Wapagazi walikuwa wanatazamana, yule mzee amefunika mdomo, na Bwana wa boma anaandika. Nilisikia utamu mpaka kwenye meno.

"Kaka," Felista akasema. Alikuwa bado amesimama juu ya mizani, hakuna aliyemwambia ashuke. "Mpagazi anabeba frasila ngapi?"

"Mbili."

"Kwa hiyo mimi na mwanangu ni mizigo miwili ya wapagazi."

"Ndiyo," nikasema. Nilidhani ananisaidia.

"Na huo mti ungepunguziwa mizigo miwili, kama nisingepanda."

Sasa nikaona tunakoelekea, nikataka kurudi, na hapakuwa na pa kurudi. "Peke yako haungekatika, Felista. Ni wote. Ni Pazi..."

"Petro alijua haya?"

"Nilimwambia. Alicheka."

"Mimi hukuniambia."

"Nilitaka..."

"Nilikuuliza nyuma ya nyumba, mume wangu hajapoa kaburini. Nikakuuliza kwa nini. Ungeniambia pale, tukiwa wawili, ningelia, ningejipiga, ungenishika mikono. Ukaniambia Mungu ndiye anayejua." Akashuka kwenye ubao. "Ukaja kuniambia hapa, mbele ya Mdachi, kwa sababu walikuvua shati."

Akapita katikati ya watu akatoka nje. Nilimwita. Askari mmoja akaniokotea shati langu, akanipa, akaniambia niko huru.

Pazi alipigwa jioni ile ile uwanjani, ishirini na tano, na akafungwa mnyororo. Nilikwenda kutazama kwa sababu nilidhani nitafurahi. Hakulia. Kwenye kiboko cha kumi hivi aliniona kati ya watu, akageuza uso upande wa pili. Bwana Masharubu aliniagiza mhimili mwingine wiki iliyofuata, akanitaka niuchonge mnene zaidi, na nikauchonga. Siku hizi gari likipita hakuna anayepanda. Wanawake wanatembea kando yake na mikungu kichwani, kutoka Mkuyuni hadi mjini, na wakifika mbele ya karakana yangu wanatema mate. Wamejifunza. Nilitaka wajifunze, na wamejifunza.

Siku ya arobaini tulianua matanga. Katika lukolo yetu, siku hiyo mjomba ndiye humbeba mtoto wa marehemu kumtoa nyumba ya msiba, akampeleka mtoni akaogeshwa, ndipo mtoto ahesabiwe ana mtu. Nilivaa nguo safi. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba Felista msamaha, maneno mazuri tu, na nilipomwona ameketi kwenye mkeka yote yakaniruka. Wazee wakaniambia nisogee. Nikapiga magoti mbele yake, nikanyoosha mikono.

Hakusogea.

"Felista," mzee mmoja akasema, "mpe mjomba wake ambebe."

"Ambebe wa nini?" Felista akasema. "Si ameshampima."

Wazee wakakohoa. Mmoja akaanza kumkemea. Mikono yangu ilikuwa bado hewani. Felista akainuka, akanipita, akaenda mpaka kwa Asia, mke wa Pazi, aliyekuwa ameketi peke yake mlangoni kwa aibu ya mume aliye mnyororoni, akamwekea mtoto mapajani. Asia akanitazama, akamtazama mtoto. Kisha akamfunga mgongoni, wakashuka wote mtoni, mimi nikabaki na wazee.